Nyekundu ya Vrtal

Radovan Vrtal alikuja kulidai tangi la samaki la kaka yake kabla hata maua ya kaburini hayajanyauka. Alivua viatu mlangoni, akavaa sapatu za wageni bila kukaribishwa, akapita moja kwa moja hadi sebuleni na kuinama mbele ya kioo. Hakumuuliza Květa, mjane wa kaka yake, amelalaje wala kama amekula. Aliuliza taa zimezimika tangu lini.

Květa alimjibu kuwa tangu jana. Alikuwa anamenya viazi na hakuona sababu ya kuviacha kwa ajili ya mtu huyo. Tyubu mbili za tangi zilikuwa zimekufa wiki ileile aliyokufa mwenye nazo, moja ikaifuata nyingine, na sebule ambayo kila jioni ilikuwa na mwanga wa kupendeza sasa ilikuwa kama korido ya kituo cha treni.

Radovan akamwambia kuwa tyubu za aina ile hazitengenezwi tena, serikali zimezipiga marufuku, kwa hiyo asijisumbue kuzitafuta. Jumamosi angeleta watu walibebe tangi zima.

"Mlibebe mlipeleke wapi?"

"Kwangu, shemeji. Wewe hujawahi hata kuwalisha hao samaki."

Alisema kweli, na ndiyo maana ilimchoma. Květa hakulipenda lile tangi. Lilikuwa limekalia mahali pa kabati la vyombo maisha yote ya ndoa yake. Lilinuka bwawa wakati wa joto, na kila Jumapili mumewe Bohumír alivuta mpira wa maji kutoka sebuleni hadi bafuni akimwaga njia nzima. Mwaka uliopita angemgawia yeyote mwenye mkokoteni. Lakini Radovan hapana. Siku ya mazishi, kwenye mgahawa wa stesheni, kati ya supu na nyama, Radovan alisimama na glasi mkononi akasema kuwa kaka yake angekuwa amekaa pale nao leo, kama nyumbani kungekuwa na mtu wa kumsikiliza kifua. Alisema kwa upole, macho kwenye supu. Meza nzima ikamgeukia Květa. Tangu dakika ile alikuwa na haja moja tu duniani, kwamba Radovan asipate kitu chochote kutoka nyumba hii, hata kijiko.

"Tangi halitoki," alisema.

Radovan akatikisa kichwa kama anayemhurumia mtoto, akamkumbusha sheria ya chama. Chama chao cha wafuga samaki pale mjini Přerov kina sheria nyingi kuliko shirika la reli, na hii ni ya zamani. Mmea ukipewa jina na chama, mche mama, ule unaokatwa vipandikizi, hukaa kwa mwanachama mmoja. Kila vuli kamati huenda nyumbani kwake kuutazama. Ukikutwa umefifia, unahamishwa. Na katikati ya tangi la Bohumír palikuwa na mche mama wa Nyekundu ya Vrtal, mmea wenye majani mapana, mekundu kama maji ya kiazisukari, uliochukua kombe la chama mpaka wengine wakachoka kushindana. Vipandikizi vyake viliuzwa dukani kwa Radovan, nyuma ya stesheni, na watu walikuja kuvinunua kutoka miji ya Olomouc na Zlín. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Radovan huyohuyo.

"Vuli tutakuja," alisema. "Usipokuwa mwekundu, unahama. Unajua utahamia kwa nani." Kisha akalainika ghafla. "Au nikuletee taa yangu ya dukani. Bure. Nitaifunga mwenyewe, na mambo yatakuwa kama zamani."

Mwenye akili zilizotulia angesema asante. Květa alimwambia taa yake akaitundike chooni kwake.

Radovan alipoondoka, alikaa mbele ya tangi lenye giza kisu cha viazi kikiwa bado mkononi. Hakujua chochote kuhusu mimea ile. Kazi yake kwa tangi ilikuwa neno moja la jioni. Bohumír hakuwa anaiona rangi nyekundu. Ujanani alitaka kuendesha treni, daktari wa reli akampima macho akamrudisha, na akaishia kutengeneza mabehewa karakanani hadi anastaafu. Kwenye familia walijua, nje hakuna aliyeambiwa, maana bingwa wa mimea asiyeona rangi angechekwa mji mzima. Hivyo kila jioni alimuuliza mkewe: "Květa, leo ni nyekundu?" Naye, macho kwenye viazi au kwenye televisheni, alijibu kuwa ni nyekundu. Ndipo Bohumír alipokwenda kumpigia simu Radovan kumpa habari hiyo.

Kesho yake Květa alipanda basi kwenda Olomouc, kwenye duka kubwa la wanyama wa nyumbani. Taa ya Kijerumani waliyomwonyesha ilikuwa nzuri, nyembamba kama rula, na ingemeza karibu pensheni yake yote ya mwezi. Muuzaji alimweleza maajabu yake kwa sauti ya kumwelezea kiziwi. Květa alimuuliza kama inapika pia, akatoka.

Jumapili alikwenda kwenye gulio la samaki, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, mahali ambapo Bohumír alikuwa akipotelea nusu ya siku. Pale kuna Bi Zdislava Pešková, mjane mwenye mdomo mchafu, auzaye kamba wadogo wa mapambo ndani ya chupa za jemu. Ni mwanakamati pia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpigia kura ya hapana. Alimwona Květa anakuja akamwambia kama anakuja kulia, kanisa liko mtaa wa pili.

"Nimekuja kuuliza taa."

"Muulize shemeji yako. Anazo tele."

"Ningetaka kumuuliza yeye, nisingekuja kunusa chupa zako."

Bi Zdislava akamtazama upya, kutoka kofia hadi viatu, halafu akasogeza chupa zake akampa nafasi ya kuweka mkoba. Maelezo yake hayakuchukua muda. Wati azisahau, wati ni chakula cha taa tu. Asome lumeni, ndio mwanga inaoutoa. Achague nyeupe ya mchana, si ile ya njano ya chumbani wala ya buluu ya disko. Mmea haujui jina la kampuni. Taa za ulinzi, zile za kumulikia ua na gereji, hazipitishi maji, zinauzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa bei isiyofika ya jozi ya viatu, na mbili zinalitosha tangi la Bohumír. Azitundike juu, asizilaze kwenye maji.

"Na mmea utabaki mwekundu?" Květa aliuliza.

Bi Zdislava alikunja uso. Alisema Nyekundu ya Vrtal aliwahi kuinunua, kwa pesa ambayo hadi leo inamuuma. Kwake ikageuka kijani kama mchicha. Alipoirudisha dukani, Radovan alimwambia mbele ya wateja kuwa taa yake ni ya kulelea vifaranga, anunue ya dukani pale ndipo aone wekundu. Wengine wote kwenye chama walinunua. Yeye aliutupa mmea jalalani.

"Kwa hiyo mimi sijui," alimalizia. "Labda taa yangu ni ya vifaranga kweli. Nenda, unanizibia wateja."

Květa alinunua taa mbili za ulinzi. Alizifunga mwenyewe kwa vifaa vya marehemu, kwenye fimbo ya pazia aliyoilaza kutoka kabati hadi kabati, na alipoziwasha sebule ikawa nyeupe kama chumba cha upasuaji. Vumbi la miaka lilionekana. Maji yalionekana hadi chini. Aliona haya kwa hali ya zulia lake.

Kisha akafanya kosa la kila mgeni wa kazi hii. Kwa kuwa taa zilikuwa za bei nafuu na hakutaka mmea upungukiwe, aliziacha zikiwaka tangu kifungua kinywa hadi taarifa ya habari ya usiku. Baada ya muda mfupi mwani ulivaa kila kitu. Nyuzi za kijani zilining'inia kwenye majani kama nywele kwenye shimo la bafu, na kioo kikawa hakipitishi macho. Alirudi kwa Bi Zdislava akatukanwa ipasavyo. Aliambiwa anaulisha mmea kama bata wa Krismasi. Apunguze saa kwa nusu, ainue taa, anunue swichi ya kujizima yenyewe, na akwangue kioo kwa mkono wake.

Akakwangua. Alitumia kadi ya zamani ya duka la vyakula, mikono ndani ya maji hadi viwiko, akimlaani Radovan kila mara kadi inapotelea mchangani. Ni katika kukwangua huko ndipo alipoanza kulijua tangi. Alijifunza ni samaki gani mgomvi, na ni kona gani uchafu hujikusanya. Mwani ukarudi nyuma. Kufika Julai mche mama ulikuwa umenawiri kuliko alivyowahi kuuona, majani mapya yakitoka kila juma, manene na yenye afya.

Yote yalikuwa ya kijani.

Mwanzoni alijidanganya kuwa majani machanga huanza hivyo. Akanunua mbolea ya chuma, akaongeza saa ya mwanga, akapunguza saa ya mwanga. Majani ya zamani nayo, yale aliyoyaapia jioni baada ya jioni kuwa ni mekundu, yalikuwa ya kahawia chini na ya kijani juu. Mmea ulikuwa mzima kabisa, ila haukuwa ule. Květa aliogopa. Aliamini ameuharibu kwa taa zake za gereji, na akilini aliweza kumwona Radovan akishuka ngazi na ndoo, mmea wa kaka yake ndani, akisema kwa upole wake ule kwamba shemeji alijitahidi.

Ilikuwa Ijumaa mwisho wa Agosti alipokwenda bucha kununua nyama ya nguruwe. Palikuwa na foleni. Aliegemeza mikono juu ya kioo cha kaunta kuipumzisha, akaiangalia, na ikawa mikono ya msichana. Ile mishipa na madoa ya uzee havikuwepo. Ngozi ilikuwa na wekundu laini kama wa mtu aliyetoka kucheza kwenye theluji. Aliujua wekundu huo. Wageni wake wa jioni walikuwa wakimsifia kila mara kuwa Květa hazeeki, wakiwa wamekaa sebuleni kwake, mbele ya tangi.

Akainua macho. Ndani ya kaunta, juu ya soseji na ham, zilikuwa zinawaka tyubu za rangi ya waridi iliyopauka. Tawi la parsley, jani bichi la kijani lililowekwa kupamba nyama, lilionekana la kahawia nyekundu.

Zamu yake ilipofika alimuuliza binti wa bucha taa hizi wanazitoa wapi siku hizi. Binti akasema ni za mwishomwisho, zilibaki stoo. Bila hizi nyama inaonekana ya kijivu na watu hawanunui. Anazifunga Bwana Vrtal wa duka la samaki. Alikuwa fundi wa majokofu ya mabucha yote ya mji enzi zile, kabla hajafungua duka.

Květa alilipa, akaacha nyama kaunta, akaitwa, akarudi kuichukua. Njia nzima alikuwa anahesabu kichwani. Radovan ndiye aliyemfungia kaka yake taa za tangi, Květa angali bibi harusi. Radovan ndiye aliyekuja na tyubu mpya kila za zamani zilipochoka, na hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Radovan ndiye aliyeuza mmea, kisha akamwambia mnunuzi aliyelalamika kuwa taa yake ni mbovu, kisha akamuuzia taa ya waridi. Mmea wa kijani wa kawaida, wa kuzolewa kwa ndoo, ulikuwa umelisha duka lile maisha yote. Hasira iliyompanda ilikuwa safi kiasi kwamba karibu ifanane na furaha.

Radovan alikuja vuli ilipofika, siku moja kabla ya kamati. Alikuwa na boksi kwapani. Alipoona taa za ulinzi na mmea chini yake, hakushangaa hata kidogo. Alifungua boksi akaanza kutoa taa ya dukani kwake.

"Nilipita bucha," Květa alisema.

Mikono yake ikasimama, halafu ikaendelea na kazi. "Basi umeelewa. Vizuri. Itatupunguzia maneno."

"Ulimdanganya ndugu yako."

"Nilimpa furaha ndugu yangu. Alikuwa fundi wa mabehewa asiyeona taa ya hatari. Mimi nikamfanya bingwa. Wewe ulimfanya nini, shemeji? Viazi?"

Alisema yote hayo akikaza skrubu. Kisha akamweleza hali ilivyo, bila kupandisha sauti. Kesho chini ya taa hii mmea utakuwa mwekundu. Yeye mwenyewe, kama mwenyekiti, atatamka kuwa mche mama unabaki kwa Květa, na neno la mwenyekiti likishatamkwa vuli haligeuzwi mwaka mzima. Hatadai tangi tena. Lakini kesho ikiwaka ile nyingine, mji utataka kujua kama Bohumír alikuwa tapeli au kipofu wa rangi, na Květa atachagua ampe mumewe jina lipi.

"Unataka mmea au unataka kunikomoa?" aliuliza. "Vyote viwili hupati. Zile za gereji zishushe."

Květa alisema mgongo unamuuma, atazishusha akiwa na nafasi.

Usiku ule hakupata usingizi wa maana. Alichokitaka tangu mazishini kilikuwa mkononi: Radovan angeondoka mikono mitupu, na jina la Bohumír lingebaki kwenye kombe. Alitakiwa kunyamaza tu. Amenyamaza jioni ngapi hadi sasa? Moja zaidi ingemuua? Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshaamua kunyamaza, na hata akajisikia mwepesi.

Kamati ilikuja baada ya chakula cha mchana. Mbele Radovan, amevaa tai. Nyuma yake mzee Ctibor Hloušek, katibu, aliyekuwa na duka la dawa, mtu wa adabu anayeomba radhi kwa fanicha anapoigusa. Mwisho Bi Zdislava, aliyekataa sapatu za wageni akabaki na soksi. Květa alikuwa ameandaa mikate midogo ya ham na yai kama inavyotakiwa, na hakuna aliyekula, kwa kuwa desturi ni kutazama kwanza.

Taa ya Radovan ikawashwa. Mmea ukawaka wekundu katikati ya tangi kama jeraha. Mzee Ctibor alivuta pumzi akasema ni kama Bohumír yupo. Bi Zdislava alimtazama Květa, akatazama zile taa za ulinzi zilizobaki zimetundikwa juu, akarudi kumtazama Květa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetapeliwa na rafiki.

Radovan alikohoa akatamka maneno yake. Mche mama una afya na rangi inayostahili, na unabaki katika nyumba hii. Alipaswa kuishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kupenda sauti yake, na mbele yake kulikuwa na watu wawili wanaosikiliza.

"Kaka yangu alikuwa na jicho ambalo mji huu hautalipata tena," alisema. "Nashukuru shemeji naye hatimaye amejifunza kusikiliza. Angejifunza mapema, tungekuwa naye leo."

Květa alikuwa ameshika sahani ya mikate. Aliiweka juu ya redieta ya kupashia chumba joto, polepole, akaenda ukutani akachomoa waya wa taa ya Radovan na kuchomeka ule mwingine.

Sebule ikawa nyeupe. Mmea ulisimama pale katikati, mkubwa, mnene, wa kijani kama sukuma wiki.

Mzee Ctibor alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Bi Zdislava alisogea hadi pua ikagusa kioo.

"Vifaranga," alisema taratibu. "Uliniambia mbele ya watu taa yangu ni ya vifaranga."

Květa akawaambia waende bucha wakaangalie taa za kaunta, na wamuulize binti nani anazifunga. Mzee Ctibor alimgeukia Radovan na kumuuliza swali moja tu, kama anayeogopa jibu lake.

"Bohumír alijua?"

Radovan alikuwa amepauka. Alimtazama Květa, na Květa akaona jinsi anavyochagua.

"Alijua," Radovan alisema. "Lilikuwa wazo lake. Mimi nilimtafutia tyubu tu."

Kwa hilo Květa hakuwa amejiandaa. Alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Hakufikiri kwamba mtu angemzika ndugu yake chini ya mzigo wake mwenyewe, akiwa amevaa tai. Akasema kile ambacho Bohumír alikificha tangu ujana wake.

"Bohumír hakuwa anaona nyekundu. Hata kidogo. Reli walimkataa kwa sababu hiyo, kila mmoja wetu nyumbani anajua, na wewe Radovan ulikuwa umekaa nje ya chumba cha daktari siku ile. Alikuwa anauliza watu. Alikuwa anatuuliza sisi."

Mzee Ctibor akakaa kwenye kiti bila kuomba radhi. Alikuwa anakumbuka, ilionekana usoni, kwamba Bohumír ndiye aliyekuwa jaji wa rangi kwenye mashindano ya mkoa, na kwamba watu walilia kwa maksi alizowapa. Alisema, karibu kwa kunong'ona, kuwa jambo hili litabidi lisomwe kwenye mkutano. Květa akasema lisomwe.

Radovan alitoka bila kuagana. Ngazini, sauti ikapanda hadi ghorofa zote, alisema kuwa Květa amemuua mumewe mara ya kwanza kwa kutosikiliza na sasa mara ya pili kwa mdomo. Květa alisimama mlangoni mpaka akasikia mlango wa chini ukibamizwa. Baadaye aligundua kuwa ameondoka na sapatu za wageni. Viatu vyake vilibaki pale mkekani, na Květa alivitupa kwenye pipa la chini.

Mkutano ulikuwa mfupi. Duka la nyuma ya stesheni lilipata foleni ndefu kuliko zote katika maisha yake, ya watu waliobeba taa mkononi wakidai pesa zao, na kabla ya theluji kuanguka lilikuwa limefungwa. Hilo Květa alikwenda kulitazama mwenyewe, akala aiskrimu mbele yake ingawa kulikuwa na baridi. Lakini mzee Ctibor pia alikuja, amevaa suti, kuchukua kombe. Lingefutwa majina na kuanzwa upya. Aliomba radhi mara nyingi. Mjini Přerov kichekesho hakifi haraka, na mpaka Krismasi baa ya stesheni ilikuwa na wimbo wa jaji wa rangi asiyeona rangi. Mara moja, dukani, vijana waliuimba nyuma yake kwenye foleni. Květa aligeuka akawatazama mpaka wakaacha, lakini alikuwa ameshausikia wote.

Mche mama ulibaki kwake. Hakuna aliyeutaka. Bi Zdislava alisema mmea kama huo wanautupia bata.

Jioni moja alikuwa anamenya viazi mbele ya tangi. Alikuwa amehamisha kiti, siku hizi alikaa akilielekea. Chini ya mwanga ule mweupe majani yalionekana vizuri: kingo zake zilikuwa na mawimbi madogo madogo, na mshipa wa katikati uligawanyika kwa utaratibu hadi ncha. Bohumír alikuwa akizungumzia kingo hizo hadi mtu anasinzia. Mawimbi, mishipa, jinsi jani changa linavyojikunjua. Květa alijaribu kukumbuka ni lini alizungumzia rangi, na hakupata hata siku moja, isipokuwa lile swali la jioni kabla ya kumpigia simu Radovan. Kwa macho yake kijani na nyekundu vilikuwa kitu kimoja. Wekundu ule haukuwa na faida yoyote kwake. Angeupenda mmea huu vilevile, na ukweli usingemgharimu zaidi ya simu moja ya jioni, kama tu aliyeulizwa angeinua kichwa kutoka kwenye viazi.

Aliweka kisu chini.

"Ni kijani, Bohumír," alisema kwa sauti, ndani ya chumba kitupu. "Leo ni kijani."

Akabaki ameketi anautazama mpaka swichi ilipofika saa yake na taa zikajizima.